Redio au laini ya simu kwa vituo vya maji? Pima kwanza kila kituo kinaweza kunyamaza muda gani

Swali: Mradi wetu wa maji una vituo 14: visima 3 vyenye pampu, matangi 5, vituo 2 vya kuongezea msukumo, na chemba 4 za mita na presha. Cha mbali kabisa kiko kilomita 18 kutoka ofisini, na kuna vilima katikati. Kwa sasa mtu hupanda pikipiki kwenda kutazama kina cha tangi, kisha hupiga simu pampu iwashwe au izimwe. Kampuni moja imetuletea makadirio ya redio kwa vituo vyote. Nyingine inasema redio zimepitwa na wakati, tuweke laini za simu kila mahali. Bei zao hazikaribiani na fedha zetu ni chache. Tufuate ipi?

Jibu: Ndugu, usifuate hata moja kama ilivyo. Zote mbili zimechagua kifaa kwanza, kisha zikakitandaza kwenye vituo 14 kana kwamba vyote vina kazi moja. Chemba ya mita ikikaa kimya tangu asubuhi hadi kesho yake, hakuna aliyeumia. Tangi likikaa kimya robo saa huku pampu inasukuma, maji yanamwagika, na umeme wa kuyapandisha umeshaliwa. Vituo hivyo viwili havistahili kulipiwa mawasiliano ya bei moja. Basi kabla hujamjibu yeyote, chukua karatasi, orodhesha vituo vyote, na mbele ya kila kimoja andika kinaweza kunyamaza kwa muda gani kabla madhara hayajatokea.

Muda huo haukisiwi, unahesabiwa. Chukua tangi la mita za ujazo 150 lenye kimo cha mita 4: kila mita moja ya kina ni mita za ujazo 37.5. Tuseme pampu inaingiza mita za ujazo 45 kwa saa, inatakiwa kuzimwa maji yakifika mita 3.6, na bomba la kumwagia ziada liko mita 3.9. Nafasi iliyobaki ni sentimita 30, yaani mita za ujazo 11 na robo. Usiku, watu wamelala na matumizi yako karibu na sifuri, nafasi hiyo inajaa kwa dakika 15. Hiyo ndiyo ruhusa ya tangi hilo kunyamaza. Kina chake kisomwe angalau kila dakika 5, na pampu ijizime yenyewe ikipita dakika 10 bila kusikia chochote. Fanya hesabu hiyohiyo upande wa chini. Kengele ya maji kupungua ikilia kwenye mita 1.0, sentimita 20 za chini zikiwa hazifikiwi na bomba la kutolea, na asubuhi wateja wanavuta mita za ujazo 60 kwa saa, una nusu saa tu kabla mabomba hayajaanza kuvuta hewa.

Ukimaliza karatasi hiyo utaona vituo vimejigawa vyenyewe. Kisima na tangi linalojazwa nacho vinahitaji kuongea kila dakika chache, mchana na usiku. Matangi ya akiba yanayojazwa kwa mserereko yanavumilia saa nzima au zaidi. Chemba za mita na presha zinavumilia siku nzima.

Kabla ya kununua redio, jaribu kutumia bomba lenyewe

Bomba la kupandisha maji tayari limeunganisha pampu na tangi. Mara nyingi linatosha kupeleka ujumbe mmoja tu unaohitajika: tangi limejaa, zima.

Weka valvu ya boya kwenye mdomo wa kuingizia maji tangini. Tangi likijaa valvu inafunga, presha kule kisimani inapanda, swichi ya presha inazima pampu. Kwa mfano, tangi likiwa mita 60 juu ya pampu, presha ya maji yaliyotulia ni bar 5.9. Pampu ikifanya kazi, msuguano wa bomba unaongeza labda 0.9, unasoma bar 6.8. Weka swichi izime kwenye 7.6 hivi, baada ya kuhakikisha kwamba pampu inaweza kufika presha hiyo na kwamba daraja la bomba linaibeba. Swichi isubiri sekunde 10 hadi 20 kabla ya kuzima, ili mshtuko mdogo wa presha usiidanganye.

Kuna mitego mitatu, na ndiyo inayofanya watu waikatie tamaa njia hii. Wa kwanza ni valvu inayofunga ghafla: inapiga bomba nyundo ya maji, na viungio ndivyo vinavyoanza kuvuja. Tumia inayofunga polepole. Wa pili ni boya la kawaida, ambalo hufungua tena maji yakishuka sentimita chache tu, na pampu inakuwa inawaka na kuzima usiku kucha hadi mota iungue. Agiza valvu ya boya yenye kuchelewa kufungua, inayosubiri kina kishuke mita moja au zaidi. Wa tatu ni valvu ya kuzuia maji kurudi iliyochoka pale kisimani: presha iliyonaswa bombani inavuja taratibu, swichi inadhani tangi limefungua, pampu inawaka bure. Weka kipima muda kinachokataza pampu kuwaka tena kabla ya dakika 30 kupita.

Bomba likiingia tangini kwa chini, unapata zawadi nyingine. Pampu ikiwa imezimwa na valvu ya boya ikiwa wazi, presha ya pale kisimani inakuonyesha kina cha tangi. Lakini angalia usahihi wa kihisi kabla ya kufurahi. Kihisi cha bar 0 hadi 10 chenye kosa la asilimia 0.5 kinaweza kukosea bar 0.05, ambayo ni nusu mita ya maji. Kwenye tangi la mita 4, hicho kinakuambia limejaa, liko nusu au linakwisha, basi. Cha asilimia 0.1 kinakaribia sentimita 10. Bomba likimwagia juu ya tangi, njia hii haisomi kitu.

Hata ukiishia kuweka redio au laini ya simu kwenye tangi hilo, acha valvu na swichi mahali pake. Ndizo zitakazokuokoa siku mawasiliano yatakapokatika.

Kisima na tangi lake: viongee moja kwa moja

Kosa kubwa ninaloliona kwenye makadirio ya aina zote mbili ni kupitisha amri ya pampu ofisini. Kina cha tangi kinasafiri hadi kompyuta ya ofisi, programu inaamua, amri inarudi kisimani. Ikipitia laini ya simu, inagusa mnara wa karibu na tangi, mitambo ya mtoa huduma, intaneti ya ofisi, seva, kisha njia yote hiyo tena kurudi. Umeme wa ofisi ukikatika usiku wa manane, pampu iliyo kilomita kumi na mbili mbali inapoteza akili. Amri ya kuwasha na kuzima ikae kisimani, kwenye PLC au RTU ya pale (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo), nayo isikilize tangi lake bila mtu wa kati. Ofisi itazame tu na kubadilisha viwango inapohitajika.

Tangi likiwa mita mia chache hadi kilomita moja na kitu kutoka kwenye pampu, fikiria waya kwanza. Kihisi kinachotuma kipimo kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20 kinafika mbali: shaba ya milimita za mraba 1.5 ina takriban omu 12 kwa kilomita, kwenda na kurudi ni omu 24, na kwenye miliampea 20 unapoteza nusu volti tu. RS-485, njia ya kutuma data kwa waya, inafika mita 1,200 kwa kasi ndogo. Adui wa waya ni radi, hivyo kila ncha ipate kizuia radi na ethi nzuri, chini ya omu 10 ikiwezekana. Na kama mna bomba jipya linalolazwa mwaka huu, tafadhali lazeni kando yake paipu tupu ya kupitishia kebo. Mtaro ndio unaokula fedha. Nyuzi za mwanga zikipitishwa humo baadaye hazijali radi na zinafika kilomita nyingi bila kikuza mawimbi.

Umbali ukizidi hapo, jozi ya redio za data inafaa, moja tangini na moja kisimani. Hakuna ada ya kila mwezi, hakuna mnara wa mtu mwingine katikati.

Redio: hesabu ya njia kabla ya hesabu ya fedha

Muulize anayeuza redio akuonyeshe hesabu ya kila njia. Asipokuwa nayo, bei yake ni ya kubahatisha.

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa. Upotevu wa mawimbi hewani, kwa desibeli, ni 32.4, jumlisha 20 mara logi ya kilomita, jumlisha 20 mara logi ya megahezi. Kwa kilomita 10 na megahezi 450 unapata 105.5. Kwa megahezi 5,800 unapata 127.7, ndiyo maana bendi ya gigahezi 5 inataka antena zionane wazi kabisa. Sasa redio ya wati 5 inatoa dBm 37 (dBm ni desibeli za nguvu ikilinganishwa na miliwati moja). Ongeza antena ya desibeli 6 upande mmoja na ya 9 upande wa pili, toa 2 za kebo kila upande, toa 105.5: mawimbi yanafika kwa dBm −57.5. Redio inayosikia hadi −107 inakubakizia akiba ya karibu desibeli 50. Hiyo ni akiba ya kutosha, hata miti na mvua zikichukua sehemu.

Tazama sasa kituo chako cha kilomita 18. Upotevu wa hewani unakuwa 110.6. Lakini kilima kinachochomoza juu ya mstari wa antena na antena kinaweza kunyang'anya desibeli 20 hadi 30 zaidi. Hata ukiweka antena ya 11 upande wa mbali, unabaki na −60.6, ukitoa 30 za kilima ni −90.6, na akiba imekuwa 16. Chini ya desibeli 20 usikubali. Njia hiyo itafanya kazi siku ya makabidhiano, itakatika majani yakiota, na fundi atakuwa ameshalipwa.

Suluhisho halina haja ya mnara mrefu. Moja ya matangi yako matano bila shaka liko kwenye kilima, maana ndiyo kazi ya tangi. Redio nyingi za data zinaweza kuwa kituo na kirudishio, yaani kupokea mawimbi ya wengine na kuyatuma mbele, kwa wakati mmoja. Chora ramani ya matangi, uone lipi linaonana na kituo cha mbali na pia na ofisi. Mlingoti wa mita 6 juu ya tangi lililo kilimani unazidi mnara wa mita 30 bondeni, na gharama zake hazilingani kabisa.

Kuonana kwa macho pia hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi nene kama soseji katikati ya njia. Kwa kilomita 10 na megahezi 450, nusu ya unene wa soseji hiyo ni mita 41, na asilimia 60 yake, mita 25 hivi, iwe wazi. Kwa gigahezi 5.8 ni mita 11, zenye kuhitaji 7 wazi. Ila masafa ya chini hujipinda juu ya kilima kidogo na kupenya majani, ya juu hayasamehi.

Makosa ya ufungaji ndiyo yanayoua njia nyingi zilizohesabiwa vizuri. Kebo nyembamba aina ya RG-58, mita 20 kwenye megahezi 450, inakula desibeli 6 na kitu: wati 5 zinaondoka kwenye redio, antena inapata wati moja na kidogo. Kebo nene ya milimita 10 inakula chini ya 2. Antena moja ikisimama wima na nyingine ikilala, desibeli 20 zimekwenda. Kiungio cha nje kisichofungwa kwa utepe wa mpira unaojigandisha kinaingiza maji, na maji yakishaingia kwenye koaksi, yaani kebo ya antena, kausha usikaushe, kebo hiyo ni ya kubadilisha. Pinda kebo ishuke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kasha, ili matone yadondokee nje. Pima mawimbi yanayorudi siku ya kufunga na uandike: uwiano wa mawimbi (SWR) wa 1.5 unarudisha asilimia 4 ya nguvu, wa 3 unarudisha robo nzima. Namba hiyo ikipanda mwaka kesho, utajua maji yameingia kabla njia haijafa.

Kuhusu leseni: bendi za kulipia zinakulinda kisheria mtu mwingine akikuingilia, za bure hazikulindi. Bendi za bure pia hazifanani duniani. Megahezi 902 hadi 928 ni za bara la Amerika, Ulaya hutumia zilizo karibu na 868. Thibitisha kwa mamlaka ya mawasiliano ya kwenu kabla ya kulipa, kwa sababu redio ya bendi isiyoruhusiwa ni hasara tupu.

Mtakapoulizia vituo kwa zamu kwa Modbus, lugha ya kuulizana data kati ya vifaa, kupitia redio ya biti 9,600 kwa sekunde, kituo kimoja kinamaliza ndani ya theluthi ya sekunde hivi. Vituo 14 ni sekunde 4 au 5. Kikifa kimoja na programu ikakisubiri sekunde 3 mara tatu, mzunguko wote unaongezeka sekunde 9, na vituo vizima vinaonekana vizito. Agiza kwamba kituo kikikosa mara tatu kiulizwe kila dakika 5 tu hadi kirudi.

Laini za simu: zinafaa wapi, na zinakwama wapi

Pale mtandao ulipo imara, laini ya simu hushinda redio kwa kituo kilicho peke yake, kisicho na tangi la kukirudishia mawimbi. Data yenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kusoma namba 10 kwa Modbus TCP, pamoja na vichwa vya pakiti, ni baiti 161. Kila sekunde 10 kwa mwezi mzima ni megabaiti 42 hivi. Ndani ya VPN, njia iliyofichwa ndani ya intaneti, inayoongeza baiti 60 kwa kila pakiti, 88. Kila dakika moja, bila VPN, ni megabaiti 7 tu. Kinachokula data ni kufungua na kufunga muunganisho kila unaposoma, ambako kunazidisha karibu mara tatu. Pia uliza kama mtoa huduma anakadiria data ya kila kikao kwenda juu, maana kuna anayekutoza kilobaiti nzima kwa baiti 161.

Kamera ni jambo jingine kabisa. Megabiti moja kwa sekunde bila kukatika ni gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera irekodi palepale kituoni na itume picha mlango unapofunguliwa.

Usiamini vijiti vya kwenye simu ya mkononi. Nunua laini ya kila mtandao, weka modemu yenye antena ya nje mahali palepale itakapokaa, na iache wiki nzima ikirekodi. Kwa 4G, RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara, kwa dBm) bora kuliko −95 ni nzuri, kati ya −95 na −110 inavumilika, chini ya −115 ni matatizo ya kudumu. Tazama hasa jioni watu wote wanapokuwa mtandaoni, na siku umeme wa eneo zima unapokatika. Betri za minara mingi hudumu saa chache tu, na umeme ukikatika ndipo pampu nayo inaposimama. Yaani kengele unayoihitaji kuliko zote inaweza kukosa njia saa ileile.

Usinunue modemu ya 2G au 3G pekee hata ikiwa ya bei ya kutupa. Marekani mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022, na nchi nyingine zimefanya hivyo au ziko njiani. Modemu ikifa kwa njia hiyo, zote zinakufa siku moja.

Na modemu huganda. Hutokea kwa zote, ghali na rahisi. Weka relei inayokata umeme wa modemu kwa sekunde 30 inapokosa jibu la seva mara tatu mfululizo, na iizime na kuiwasha mara moja kila siku hata kama iko salama. Relei hii ndogo inaokoa safari nyingi kuliko kifaa kingine chochote kwenye kasha.

Chemba nne za mita na presha hazihitaji lolote kati ya hayo. Zipe rekoda za betri zinazovumilia kuzama majini, zenye NB-IoT (mtandao wa simu wa vifaa vya data kidogo) kama ipo kwenu. Mfumo huo ulibuniwa kuvumilia upotevu wa desibeli 20 zaidi ya GPRS, data ya 2G, na ndizo hizo zinazohitajika chini ya mfuniko wa chuma. Rekoda isome kila dakika 15 na itume mara moja kwa siku: masomo 96 ya vipimo viwili ni baiti 768. Betri ya lithiamu inaweza kudumu miaka kadhaa hivyo. Mtu akibadilisha itume kila dakika 15 kwa sababu anapenda kuona grafu ikisogea, betri itaisha mapema mno. Masomo ya saa nane hadi saa kumi usiku ndiyo yatakayokuonyesha uvujaji, na hayo yakifika asubuhi yanatosha kabisa.

LoRaWAN, redio ya kufika mbali kwa data kidogo, pia inaweza kubeba chemba hizo, ukiwa na lango kwenye tangi la kilimani. Ila jua mipaka yake: kwenye mpangilio wa kufika mbali zaidi inakwenda kama biti 250 kwa sekunde, na kwenye bendi ya 868 ya Ulaya kifaa kwa kawaida kinaruhusiwa asilimia 1 ya muda, sekunde 36 kwa saa. Kifaa cha betri cha daraja A husikiliza tu mara baada ya kutuma. Usikipe kazi ya kuzima pampu.

Setilaiti iwe ya mwisho, kwa kituo ambacho redio na simu zote zimeshindwa. Kituo kitume badiliko linapotokea, kisiwe kinaulizwa kila dakika. Na kama setilaiti ni ile iliyotulia juu ya ikweta, kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde, hivyo ongeza muda wa kusubiri jibu, la sivyo programu itadhani kituo kimekufa.

Umeme na gharama za miaka 10

Kituo kisicho na umeme, chenye RTU na modemu vinavyotumia wati 4, kinataka wati-saa 96 kwa siku. Siku tano za mawingu ni 480. Betri ya risasi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo 960, sawa na ampea-saa 80 kwa volti 12. Paneli: 96 gawanya kwa saa 4 za jua na kwa 0.7 ya upotevu, ni wati 34. Weka ya 60 au 80, maana vumbi ni la kila siku.

Kulinganisha bei, chukua ada ya mwezi ya laini moja iwe kipimo, kiite 1. Namba zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kuhesabu, weka zako. Kituo cha simu: modemu, antena na kasha 25, modemu mpya moja katikati ya miaka hiyo kumi 20, ada za miezi 120 ni 120. Jumla 165. Kituo cha redio: redio 60, antena na kebo 20, mlingoti 40, leseni 20. Jumla 140. Tofauti ni ndogo, na kirudishio kimoja cha ziada kinaweza kuigeuza.

Sasa ongeza safari. Gari, mafuta na siku ya fundi viwe 8. Kituo kinachoganda mara nne kwa mwaka kinakula 320 kwa miaka kumi, karibu mara mbili ya gharama zote za laini ya simu. Makadirio yote mawili uliyoletewa naamini hayana mstari huo. Utie wewe.

Usalama

Modbus haina nywila ya aina yoyote. Anayefika kwenye bandari 502 ya kifaa chako anaweza kuzima pampu. Basi laini zisipewe anwani ya intaneti ya wazi hata kwa siku moja ya majaribio. Omba APN ya binafsi (njia yenu pekee ndani ya mtandao wa simu) au tumia VPN, badilisha nywila za kiwandani, funga kila laini kwenye namba ya utambulisho (IMEI) ya modemu yake na uiwekee kikomo cha data. Laini ikiibwa kwenye kasha isimfae mwizi.

Kwa vituo vyako 14

Kwa maelezo uliyotoa, ningeanza hivi. Visima 3 na matangi 3 yanayojazwa navyo: valvu ya boya na swichi ya presha kila mahali, halafu jozi ya redio, au waya palipo karibu. Tangi lililo juu kuliko yote liwe kirudishio, na redio ya kisima cha karibu zaidi ibebe taarifa hadi ofisini. Vituo 2 vya msukumo: laini ya simu yenye relei ya kuzima na kuwasha, PLC ikiwa na akili yake yote palepale. Matangi 2 yaliyobaki: laini ya simu, kusoma kila dakika 10 au 15. Chemba 4: rekoda za betri. Kama kile cha kilomita 18 ni kisima au tangi lake, jaribu kirudishio kwanza, kisha simu, kisha setilaiti. Vifaa vitakavyobeba taarifa za ofisini viwe na uwezo wa kuhifadhi matukio pamoja na saa yake, kama ifanyavyo DNP3, lugha nyingine ya mawasiliano ya vituo, ili mawasiliano yakikatika usiku historia isipotee.

Msifunge vyote mara moja. Fungeni jozi moja ya kisima na tangi na chemba moja, vikae miezi mitatu. Kabla ya kulipa salio, nenda tangini na saa mkononi wakati pampu inasukuma, chomoa umeme wa redio ya tangi, na mwenzako asimame kisimani. Pampu izime ndani ya zile dakika 10, kengele ifike ofisini, na ukirudisha umeme kila kitu kirejee bila mtu kugusa kitufe. Rudia jaribio hilo usiku, kisha ukiwa umezima kompyuta ya ofisi.